Kopo la Farasi

Jumatatu Kinyozi alifungua duka akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa aproni, na hadi kufika adhuhuri alikuwa ameigusa karatasi hiyo mara nyingi kuliko alivyogusa mashine ya kunyolea. Yenyewe ilikuwa na maneno machache. Palipotakiwa idadi ya mbegu za kiume pameandikwa sifuri, na chini yake mtu wa maabara ameongeza kwa kalamu: "Imerudiwa mara mbili." Kana kwamba mara moja isingetosha.

Siku tatu zilikuwa zimebaki. Alhamisi mkewe angelazwa hospitali kubwa, apigwe sindano ya usingizi, atobolewe tumbo na kuingizwa kamera ili madaktari watazame kwa nini miaka saba ya ndoa imepita bila mimba. Na angetobolewa kwa sababu moja tu, kwamba mumewe alimwambia amepimwa na hana tatizo.

Huo haukuwa uongo mkubwa, ndivyo alivyojifariji. Miezi mitano nyuma alipimwa mara ya kwanza, kwenye zahanati ya mbali alikojua hajulikani, wakakuta mbegu zake ni chache. Chache, si kwamba hazipo. Aliporudi nyumbani mkewe akamuuliza, "Wamesemaje?" naye akajibu, "Niko sawa." Nia yake ilikuwa kulitengeneza jambo kimyakimya kabla halijajulikana, na ndipo alipolipata kopo.

Sasa makopo sita yalikuwa dukani kwenye rafu ya nyuma, juu ya taulo. Jina lake refu la kigeni hakuna aliyeweza kulitamka, hivyo wateja wakaliita Kopo la Farasi, kwa ajili ya farasi mweusi aliyechorwa ubavuni akiwa amesimama kwa miguu miwili. Chini ya farasi paliandikwa: virutubisho asilia vya wanaume, kwa nguvu na uzazi. Vijiko viwili vya unga kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni.

Na unga ulifanya kazi, hilo ndilo lililomponza. Mwezi haukuisha mabega yakatanuka, ndevu zikajaa hadi shingoni, akawa anasimama kutwa nzima bila mgongo kumuuma. Wateja wakaanza kumuuliza anakula nini. Mtu aliyemuuzia akamshauri asifaidi peke yake, auze na yeye. Akauza. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu aliona kwenye kioo chake mwenyewe jinsi alivyopendeza, akasahau kwamba kioo hakionyeshi ya ndani.

Siku hiyo kitini alikaa dereva wa lori la mchanga, mtu wa shingo nene na mwepesi wa kucheka. Kwenye benchi alikuwa tarishi mstaafu, ambaye hunyolewa mara moja kwa mwezi na husoma gazeti la duka kila siku ya Mungu. Wanaume hawapendi kuambiana siri macho kwa macho. Ila mtu akishafungwa shuka shingoni na kukalishwa mbele ya kioo, huanza kuzungumza na sura yake, na kinyozi humjibu akiitazama sura hiyohiyo. Kwa njia hiyo Kinyozi alikuwa ameyasikia mengi ambayo wake wa watu hawajayasikia.

"Kopo langu limekwisha," dereva akakiambia kioo. "Nitoke na jingine leo."

"Limekusaidia?"

"Nguvu ninazo. Juzi nimebadilisha tairi peke yangu. Kwa mke bado, lakini si ulisema mwenyewe tuwe na subira, makopo matatu kwanza?"

Alisema, tena mbele ya watu. Kinyozi akapuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Yamekwisha," akasema.

Dereva akayatazama ndani ya kioo. "Na yale sita mgongoni kwako?"

"Ya watu hayo. Wameshayaagiza."

Tarishi akashusha gazeti. "Mimi kuna kitu kinanisumbua kuhusu huyo farasi wenu. Yuko peke yake. Hana jike, hana mtoto. Ingekuwa dawa ya uzazi si wangemchora na familia?"

Dereva akacheka mpaka shuka likatikisika. Kinyozi naye akacheka ili asiachwe nyuma, na wembe ukamchana dereva kidogo nyuma ya sikio. Kwa miaka tisa hajawahi kumkata mteja. Akabonyeza pamba yenye spiriti pale penye damu, akaomba radhi, akaomba tena. Dereva akasema si kitu, lakini aliondoka ameshika sikio.

*

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Wanawake wa rika lake mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama wa huyu na mama wa yule. Yeye aliitwa Fundi. Alisema ameshazoea. Hata mumewe alimwita hivyo kwa utani, naye akamwita Kinyozi, na wageni walidhani hiyo ni mizaha ya watu wanaopendana, jambo ambalo ni kweli.

Jioni hiyo Kinyozi alimkuta sakafuni akipanga mfuko wa hospitali: shuka mbili, kandambili, sabuni, kikombe. Pembeni, mahali pa cherehani mbili, ilibaki moja. Ile ya kufunga pindo aliiuza wiki iliyopita ili alipie hospitali, na alama za miguu yake bado zilikuwa kwenye zulia la plastiki.

Kwenye kochi alikaa dada mkubwa wa Kinyozi, mkoba mapajani, hajavua hata kitambaa cha kichwani. Dada huyu alikuwa na watoto watano na maoni juu ya kila kitu.

"Umefika," akasema. "Namwambia wifi hapa asiogope. Shamba likikataa kuota, mtu hupima udongo. Si aibu."

"Siogopi kufunguliwa, wifi," mkewe akasema, akiendelea kukunja shuka. "Naogopa wakifungua wasione kitu."

"Wataona. Maana kwa huyu hakuna kasoro, mtazame alivyo. Juzi si nimemwona kwa macho yangu anabeba pipa la maji kama anabeba mto? Baba yetu alikuwa hivihivi."

Kinyozi akajishughulisha na kufungua kamba za viatu. Alikuwa na hakika kwamba akinyanyua uso, wote wawili wataisoma ile sifuri kwenye paji lake.

"Kinyozi," mkewe akamwita, "ile karatasi yako ya vipimo uliiweka wapi? Wamenipigia simu. Daktari anaitaka Alhamisi kabla hajanigusa."

"Iko dukani."

"Usisahau. Wamesema bila hiyo wanaweza kuahirisha, na mimi sina cherehani nyingine ya kuuza."

Dada alipoondoka, mkewe akachemsha maji, akakoroga vijiko viwili vya unga wa kopo, akamletea. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba ni unga wa mgongo, kwa watu wa kazi za kusimama. Kinyozi akakishika kikombe. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo hakuwa nayo, basi akakinywa chote huku mkewe akimtazama.

"Unajua kinachoniuma?" mkewe akasema. "Nikilala pale mezani watakuwa wanatafuta kosa langu. Na nimefika mahali naomba walipate. Angalau nijue."

Kinyozi akafungua mdomo. Alikuwa nayo maneno, yalikuwa yamejipanga kabisa ulimini. Yaliyotoka ni, "Nikusaidie kupiga pasi?"

Mkewe akacheka kidogo, akamwambia akaoge.

*

Jumanne hakufungua duka. Alikwenda kwa mtu waliyemwita Mtaalamu, ambaye hakuwa mtaalamu wa jambo lolote linalojulikana. Zamani alibandika vioo vya simu. Siku hizi alivaa koti jeupe na kuuza makopo kwenye korido ya jengo la maduka, nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Ukutani alikuwa ameongeza bango jipya. Kinyozi alilitazama bango kwanza bila kujitambua, kisha akajitambua. Alikuwa yeye, mikono amekunja kifuani, kifua kimejaa, picha aliyopigwa siku moja kwa mzaha. Chini yake: "Baba mtarajiwa. Mimi nimethibitisha, wewe je?"

"Nani amekuruhusu kuniweka hapo?"

"Kaka, umependeza. Watu wanasimama kwa ajili yako."

Kinyozi akaitoa karatasi, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani. Mtaalamu akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Karatasi ni karatasi," akasema hatimaye. "Mwili wako unasemaje? Umechoka?"

"Hapana."

"Nyumbani je, unaangusha?"

"Hapana."

"Sasa mashine gani hiyo inakwambia hakuna kitu? Mwili unatoa uchafu kwanza. Ongeza dozi, vijiko vinne. Mwezi mmoja tu."

"Mke wangu anapasuliwa keshokutwa."

"Basi mambo mazuri, mnatibiwa pande zote."

Kinyozi akamtazama, akatafuta kwenye ule uso hata chembe ya haya. "Ndani ya unga mnaweka nini?"

"Mizizi. Madini. Mengine ni siri ya kampuni, hata mimi hawaniambii."

"Na wewe unautumia?"

Mtaalamu akashangaa kweli, kwa namna ambayo haiigizwi. "Mimi? Nina watoto wanne, kaka. Niutumie wa nini?"

Kinyozi alipoinuka alinyoosha mkono kulibandua bango, lakini gundi ilikuwa nzuri. Lilipasuka likabaki nusu, mabega na mikono iliyokunjwa bila kichwa. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama kutazama, na mmoja wao akamlinganisha na ukuta.

*

Jumatano alirudi kwenye zahanati ya mbali, safari hii na kopo kwenye mfuko wa plastiki. Karani wa dirishani hakulikumbuka jina lake, akalikumbuka jambo lake. "Wewe si yule wa mbegu?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na benchi zima la wagonjwa likanyanyua macho. Kinyozi akajibu ndiyo, ni mimi. Akakaa kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee mwenye mguu mbovu, na wote wawili wakasogea kidogo kumpa nafasi, kwa huruma, na hilo likamuuma kuliko kama wangecheka.

Walimtoa damu asubuhi, majibu yakaja saa nane. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kwa uzi. Alilifungua kopo, akalinusa, akasoma maandishi yote hadi yale madogo ya chini.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Wiki iliyopita nilikuuliza kama kuna dawa yoyote unatumia, ukasema hakuna."

"Nilidhani hii si dawa. Imeandikwa virutubisho."

"Ulidhani, au uliona aibu?"

Daktari akageuza karatasi ya damu upande wake. "Homoni ya kiume hapa iko juu kupita mtu yeyote niliyempima mwaka huu. Lakini amri za ubongo zinazoamsha mbegu zimezimika, karibu hazipo. Siwezi kuapa kilichomo kwenye kopo mpaka lipimwe, ila damu inasema unaingiza homoni kutoka nje. Mwili una kiwanda chake. Ukiletewa mzigo uliokwisha kutengenezwa, ubongo unaona ghala limejaa, unafunga kiwanda. Misuli inafurahi, ndevu zinafurahi. Mbegu hakuna."

"Kwa hiyo hili ndilo..."

"Kwa kadiri ninavyoona, ndiyo. Ulikuwa na chache, ukazimaliza kwa kutafuta nyingi."

Kinyozi akaona mikono yake juu ya magoti, minene, yenye nguvu, akaichukia. "Zile chache," akauliza, "zingefaa kitu?"

Daktari akavua miwani. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba ukweli mwingine mtu hauhitaji, lakini huyu alikuwa ameuliza. "Zingeweza. Nimewaona wengi waliozaa na pungufu ya hizo. Ndiyo sababu nilikwambia urudi baada ya miezi mitatu tuangalie, si kuacha nguo za kubana tu na kwenda zako."

Akalifunga kopo, akalisogeza mbali naye.

"Acha unga leo. Utajisikia mnyonge, mabega yatapungua, utaudhika ovyo. Uje kila mwezi tukuangalie. Kwa wengi mbegu hurudi, baada ya miezi sita, wengine mwaka au zaidi. Wengine haziwarudii, nami sitakuahidi. Mkeo anajua?"

"Kesho asubuhi anapasuliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwambia niko sawa."

Daktari akairudisha miwani usoni, akamtazama vizuri. "Wahenga walisema mficha uchi hazai," akasema. "Wewe umeuficha wako kwa tumbo la mwenzio. Nenda nyumbani, baba. Hilo siwezi kukusaidia."

*

Alikwenda nyumbani akiwa amepiga moyo konde, akakuta nyumba imejaa. Mdogo wa kiume wa mkewe, aliyeoa miezi mitatu tu iliyopita, alikuwa amekuja na bibi harusi wake kumtia dada moyo. Dada wa Kinyozi naye alikuwapo, akieleza jinsi wanavyotoboa tumbo kana kwamba ameshatoboa matumbo kumi. Mkewe alikuwa amemaliza mlo wake wa mwisho. Kuanzia saa hizo hakuruhusiwa kula wala kunywa. Watu wakacheka, wakatiana moyo, na Kinyozi akawa anaingia jikoni na kutoka, anaingia na kutoka, mpaka mkewe akamuuliza anatafuta nini.

Shemeji alimfuata ukumbini wakati wa kuaga. "Lile kopo, shemeji," akanong'ona. "Niwekee la pili. Nalinywa kila siku, siruki. Sitaki mke wangu apitie anayoyapitia dada."

Kinyozi akamshika bega. Alitaka kusema kitu, lakini mke wa kijana alikuwa amesimama mlangoni akiwangoja, anatabasamu, naye akaishia kuwatakia usiku mwema. Walipoondoka wote alimkuta mkewe ameshalala, amechoka, mfuko wa hospitali miguuni. Akakaa kitandani upande wake na kumsikiliza akipumua. Nitamwambia asubuhi, akasema moyoni, kama alivyosema Jumatatu na Jumanne.

*

Asubuhi walikwenda watatu, kwa kuwa dada hakukubali kubaki. Walikalishwa kwenye korido, benchi la mbao, mbele ya milango miwili ya kusukuma. Mkewe alishavishwa gauni la hospitali lenye mikanda mgongoni na mkanda wa plastiki wenye namba mkononi. Alikuwa amevua pete, akaifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa shati la mumewe. "Usiipoteze," akamwambia. "Karatasi umeleta?"

"Nimeleta."

"Mpe muuguzi."

Hakumpa. Muuguzi alitoka, akasoma namba kumi na nne, akasema tuko tayari mama, twende. Dada akasimama, akamshika mkono wifi yake. Mkewe akasimama. Akapiga hatua moja, mbili, gauni likafunguka kidogo mgongoni na yeye akalishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, na ni mkono ule uliomshinda Kinyozi.

"Asiende," akasema.

Wote wakageuka.

"Siko sawa. Ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi."

Akatoa karatasi zote tatu, ya kwanza, ya sifuri na ya damu. Mkewe alikuwa mtu wa futi na vipimo, namba hazikumchukulia muda. Alisimama pale pale akizisoma moja baada ya nyingine, muuguzi akiwa ameshikilia mlango kwa bega.

"Hii ya kwanza ni ya mwezi wa pili," akasema.

"Ndiyo."

"Siku ile uliporudi ukasema uko sawa, nilikuwa napiga pasi kaptula za darasa la kwanza. Nikaenda chooni nikalia, kwa sababu nilijua basi ni mimi." Sauti yake haikupanda. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ule unga niliokuwa nakukorogea?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, kiwanda na ghala, farasi na mgongo, lakini alieleza yote. Mzee mmoja wa mkongojo alikuwa ameacha hata kujifanya hasikilizi.

Dada akawa wa kwanza kurudiwa na sauti. "Haya tukayazungumze nyumbani," akasema. "Watu wanasikia."

"Wifi," mkewe akasema, "yangu yalizungumzwa wapi?"

Dada akafungua mkoba, akaufunga. Akakaa.

"Mama, tunakungoja," muuguzi akasema, kwa upole.

"Samahani, dada yangu. Aliyekuwa aje hapa si mimi." Akageuka kwa mumewe. "Nani mwingine anakunywa?"

"Dereva wa mchanga. Mwalimu wa hesabu. Wengine watatu, wanne." Akaigusa pete mfukoni. "Na mdogo wako."

Mkewe akaketi benchini karibu na wifi yake. Dada akamfunga mikanda ya gauni mgongoni, taratibu, mmoja mmoja, ingawa haikuhitajika tena.

"Nipe nguo zangu," mkewe akasema. "Tunakwenda dukani kwako. Utawapigia simu wote waje. Nami nitakaa kwenye benchi nisikie kila neno utakalowaambia, kwa sababu wewe ukiachwa peke yako unasema uko sawa."

*

Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile la dukani. Tarishi alipomwona akasogea hadi mwisho, akakunja gazeti, na hakulifungua tena siku hiyo.

Dereva alikuja wa kwanza. Akaketi kitini kwa mazoea, akakitazama kioo, akangoja. Kinyozi akasimama nyuma yake na kuona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: kumvisha shuka, kuwasha mashine, kuyanong'ona yale maneno kwenye kioo katikati ya ngurumo. Akatazama benchini. Mkewe alikuwa akimtazama. Akakanyaga kishikio cha chini, akakizungusha kiti mpaka dereva akawa ameelekea benchi na mlango, amekipa kioo kisogo, na wao wawili uso kwa uso.

"Kuna nini?" dereva akauliza, ameshtuka.

Akamwambia. Dereva alisikiliza akiwa ameshika sikio lile lililokatwa, na alipomaliza kusikiliza hakucheka. Akauliza jina la zahanati, akauliza kama kupimwa kunauma, akaondoka bila kuaga. Mwalimu wa hesabu alitukana, yeye ambaye hajawahi kusikiwa akitukana, kisha akarudi mlangoni kuuliza ni miezi mingapi hasa. Mmoja alisema Kinyozi ana wivu tu, yeye unga wake hauachi. Kila mmoja alizungushiwa kiti, na kila mara ilikuwa vigumu kuliko ile iliyotangulia, maana sasa Kinyozi alijua nyuso zinavyokuwa.

Shemeji alifika mwisho, bado na nguo za kazini. Alimwona dada yake akadhani amepasuliwa tayari, akamkimbilia. Dada yake akamwonyesha kiti.

Aliposikia yote aliweka mikono juu ya magoti. "Lakini mimi, shemeji," akasema hatimaye, polepole, kama anayekosea hesabu, "mimi sikuwa na tatizo lolote. Nilikunywa ili nisije nikawa nalo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Sikujua unga unafanya haya. Najua sasa. Kesho nitakupeleka mwenyewe, kama utakubali kukaa na mimi kwenye benchi moja."

Kijana hakusema atakubali. Alisimama, akaja mpaka kwa dada yake, akainama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, kisha akatoka, na mlango ukabaki wazi. Tarishi naye akainuka, akaliacha gazeti benchini, akamwambia Kinyozi kwaheri kwa jina lake halisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kinyozi akayashusha makopo sita, akayafungua na kuyamwaga moja baada ya jingine kwenye ndoo ya nywele. Unga ulipanda ukamkaa kwenye ndevu. Akafagia, akafuta kioo ambacho hakikuwa kimechafuka, akafagia tena palepale. Hatimaye kazi zikamwishia. Akatoa leso kwenye mfuko wa shati, akaifungua, akamnyooshea mkewe pete kiganjani.

Mkewe aliitazama. Mkononi bado alikuwa na ule mkanda wa plastiki wenye namba kumi na nne, hakuna aliyekumbuka kuukata. Akachukua mkasi kwenye rafu, akaukata mwenyewe, akautupa ndooni juu ya unga na nywele.

"Kaa nayo kwanza," akasema. "Funga duka, Kinyozi. Sijala tangu jana."